Godoro Mchana Kweupe

Kwenye mtaa wetu, kule Mudzipela, mjini Bunia, mtu habebi godoro mchana kweupe bila kutoa taarifa kwanza. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, hakuitangaza. Ilijileta yenyewe watu walipoanza kurudi baada ya vita, na hata mtoto wa miaka mitano aliijua.

Sababu yake si ngumu. Miaka ile ya kukimbia, kitu cha kwanza kupanda kichwani kilikuwa godoro, au matela kama tunavyoliita kwetu. Sufuria utaazima huko uendako, chakula utaomba, lakini mtoto akilala wiki tatu kwenye sementi ya kanisa, kifua kitamshika. Kwa hiyo ukiona matela inapita juu ya kichwa cha mtu, huulizi. Unaingia ndani na kufunga la kwako. Namkumbuka baba mmoja aliyekimbia hadi Marabo na nusu ya ndevu, maana matela ilipita mbele ya nyumba yake akiwa katikati ya kunyoa.

Basi amani ilipokuja, au hicho tulichokuwa tunakiita amani, tukajiwekea adabu. Godoro linaanikwa nyuma ya nyumba, si mbele. Ukinunua jipya, unapita kwanza kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele, unawaambia kwamba kesho asubuhi wataona matela, ni yako, inatoka dukani, wasishtuke. Msukuma mkokoteni wa pale njia panda alikuwa na mbinu yake. Alifunika mzigo kwa turubai, kisha akaimba njia nzima, "Ya ndoa, ya ndoa, iko ya ndoa," hata kama mnunuzi alikuwa mjane wa miaka sabini. Tulimcheka, lakini hakuna aliyemwambia aache.

Mimi nilizichukia adabu hizo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafundisha darasa la nne, na nilijiona mtu wa kisasa kabisa. Kila siku niliwaambia watoto wa watu wasimame wima na waseme kwa sauti, kisha nikirudi nyumbani nakuta watu wazima wananong'ona juu ya kitanda. Ilinikera. Na mimi nikikereka huwa sinyamazi, ni tabia niliyorithi kwa baba, na mama hakuacha kunikumbusha.

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi, parseli, yaani viwanja, kama thelathini, ukishuka kutoka barabara kubwa hadi kwenye kijito. Udongo mwekundu, ambao wakati wa mvua unakuvua kiatu. Nyumba nyingine zilikuwa na mabati mapya yanayoumiza macho, nyingine zilibaki na mabati ya zamani yenye matundu yaliyozibwa kwa lami, na kila mtu alijua yale matundu yalitoka wapi. Katikati kulikuwa na mama aliyekaanga mikate ya asubuhi, na juu kidogo duka moja lenye mlango wa chuma ambao ukifungwa unasikika hadi kijitoni. Tuliishi kwa masikio. Mlango ule ukilia saa isiyo yake, vijiko vilisimama hewani mtaa mzima.

Tuliishi kwa kuhesabu dalili pia. Wauza ndizi kutoka upande wa Marabo wamefika? Motari, wale wa pikipiki za abiria, wanakubali kwenda mtaa wa Bigo bila kusitasita? Kengele ya shule imelia? Dalili zikikaa sawa, tulipumua, tukafua nguo, tukagombana juu ya kuku. Dalili moja ikikosekana, hakuna aliyesema kitu, ila ungeona wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, huku uso umeelekea barabarani.

Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, aliishi mama mmoja mjane wa umri wa mama yangu. Nitamwita mama wa mbele, ndivyo tulivyomwita nyumbani. Yeye alikuwa wa upande mmoja, sisi wa upande mwingine. Msomaji wa mbali atataka kujua ni upande gani na upande gani. Sitasema. Wa kwetu wanajua, na kujua kwao kumetugharimu vya kutosha. Kabla ya vita yeye na mama yangu walikuwa wanapeana makaa ya moto na chumvi, wananyonyesheana watoto. Kisha akakimbia, nyumba yake ikang'olewa mabati, milango, hata fremu za madirisha. Alikaa ng'ambo ya ziwa, huko Uganda, miaka mingi.

Alirudi mwaka huo, mvua za kwanza zilipoanza. Alirudi peke yake. Akaezeka chumba kimoja, akapanda maharage kwenye parseli nzima hadi chini ya dirisha, na akamweleza mama yangu mpango wake bila kuficha. Angekaa hadi vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule. Kama mpaka hapo mtaa ungekuwa umetulia, angemwita binti yake avuke ziwa na wajukuu. Kama ungetikisika hata mara moja, angeuza parseli na asirudi tena Bunia hadi kufa.

Tangu siku hiyo mama yangu alitaka jambo moja tu duniani, jirani huyo abaki. Kila jioni nilitumwa ng'ambo na sahani iliyofunikwa. Mama alifagia mbele ya nyumba yetu na mbele ya nyumba yake. Watoto wakipiga kelele barabarani aliwanyamazisha, asije mama wa mbele akadhani ni kelele za jambo jingine. Nilidhani ni wema, na wema uliozidi kipimo. Nikamtania kwamba anamlea jirani kama kifaranga cha mvua.

Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba, akaniambia sababu. Alisema bila kuinua macho. Jioni ya kuamkia siku ile mbaya ya vita, mtu wa upande wetu alipita nyumbani na kumnong'oneza kwamba kesho itaanza, na itaanza na watu wa upande wa pili. Mama alifunga mizigo yetu. Asubuhi alisimama mlangoni akamwona mama wa mbele anamwagilia maua yake, hajui lolote. Wakatazamana, wakasalimiana. Mama hakuvuka barabara. Ni hatua kumi na mbili, aliniambia, amezihesabu mara nyingi tangu wakati huo. Mama wa mbele aliondoka mchana huo bila hata viatu.

Nilimuuliza kama mama wa mbele anajua kwamba yeye alijua. Akasema hajui kama anajua. Tangu arudi wamezungumza habari ya chumvi, ya kuku, ya mvua, hiyo bado. Akaniomba nisiseme. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, yote mawili kwa pamoja, nikamenya ndizi zilizobaki.

Vakansi kubwa ikafika. Maharage ya mama wa mbele yalikuwa yameanza kukauka, na binti yake alikuwa ameuliza kwa simu kama anunue tiketi za boti. Siku mbili tatu zaidi, mama aliniambia, siku mbili tatu tu.

Ndipo paa letu likavuja, maji yakaingia kwenye matela yangu hadi ikawa nzito kama ng'ombe. Asubuhi nilitaka kuianika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kivuli cha parachichi hadi mchana, kwa hiyo nikaamua kuipeleka kwenye uwanja wa shule, juu ya barabara kubwa, ambako jua halina kizuizi. Mama akasema sawa, lakini niifunike kwa turubai, na kwanza nipite kwa watu niwaambie. Turubai ilikuwa imefunika kuni. Watu walikuwa nyumba thelathini. Nikamwambia siwezi kuomba ruhusa ya mtaa mzima kwa ajili ya kukausha kitanda changu, na kwamba amani isiyoweza kuvumilia matela yenye maji haina haja ya kuitwa amani. Niliona nimesema neno la maana sana. Akaniambia basi nimngoje yeye avuke amwambie mama wa mbele peke yake. Sikungoja. Nilijitwisha nikatoka.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba asubuhi hiyo wauza ndizi hawakuwa wamefika. Lori lao lilikuwa limekwama matopeni njiani, kama tulivyojua baadaye, lakini saa hiyo mtaa ulijua tu kwamba ndizi hazipo. Watu walikuwa wamekwisha kuelekeza nyuso barabarani. Na barabarani nikatokea mimi, mwalimu, mtu ambaye husikia habari mapema kwa wazazi wanaotoa watoto shuleni, nina matela kichwani, ninatembea haraka. Nilikwenda haraka kwa sababu maji yalinichuruzika shingoni na mzigo ulinikandamiza. Wao waliona mwalimu anakimbia.

Hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nilipita mbele ya mama wa mikate nikamsalimu, naye hakuitika, alikuwa anamwaga maji kwenye moto wake. Nyuma yangu nikasikia mlango wa chuma wa duka. Nilijua maana yake na bado sikugeuka, nilikuwa na hasira, nikajiambia waache waogope, watajifunza. Nilifika njia panda ndipo nikageuza mwili mzima, maana ukiwa na matela kichwani huwezi kugeuza shingo.

Mtaa mzima ulikuwa unanifuata. Wanawake wenye watoto migongoni, mzee wa nyumba ya kona na redio yake, vyerehani, bidoni za maji, mbuzi wanaoburutwa, na juu ya hayo yote matela, za maua, za mistari, zinapanda kilima zikinijia mimi. Hawakupiga kelele. Watu wetu wanapokimbia kwa kweli huwa hawapigi kelele, unasikia ndala tu.

Niliitupa matela chini. Nikapaza sauti ileile ya darasani kwamba ni maji tu, nimelowa, waje washike wenyewe. Waliotangulia walinikwepa wakapita. Mwanamke mmoja niliyemfundishia mtoto aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyerukwa na akili kwa woga. Nikaikamua ile matela mbele yao hadi maji yakatiririka barabarani, na nilikuwa nalia. Ni shefu wa avenyu aliyewasimamisha, alipofika na filimbi yake ya salongo, ile ya kuitia watu kazi ya usafi wa mtaa, akasimama katikati ya njia panda. Akaishika matela, akanusa mkono wake, akawaambia ni maji ya mvua. Wakasimama. Wengine walikaa chini palepale juu ya mizigo yao. Kisha matusi yakaanza, na yote yalikuwa haki yangu.

Niliyapokea nusu tu, maana nilikuwa nawatafuta watu wawili katika umati ule nisiwaone. Nikashuka mbio kuelekea nyumbani.

Mlango wa mama wa mbele ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na mtu. Mama wa mikate, ambaye alikuwa ameanza kurudi na karai lake, aliniambia amemwona akipanda moto, pikipiki ya motari, na begi dogo, baada ya kusimama muda kwenye njia yake ya kuingilia akiangalia upande wetu. Nikavuka kwenda kwetu. Mama alikuwa katikati ya chumba, amepiga magoti, anafunga furushi. Alikuwa ameweka sufuria, Biblia, nguo zangu za shule, na kila alipolikaza fundo lilifunguka.

"Mama," nilimwambia, "si ulijua ni maji tu?"

"Nilijua," akasema. "Lakini niliona batu banakimbia."

Alikaa sakafuni. Nilimwelewa polepole, na nilipoelewa nilitaka ardhi inimeze. Katika mtaa mzima wenye nyumba thelathini, mtu mmoja tu alikuwa na neno la kumzuia mama wa mbele asiondoke. Aliiona matela inalowa, aligombana nami juu yake, alikuwa ameomba avuke. Mtaa ulipoanza kukimbia akasahau kila kitu akarudi kwenye furushi lake. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa kiburi changu, ili tu nionekane siogopi.

Kesho yake nilienda Bigo. Tulikuwa tumesikia mama wa mbele yuko kwa mtu wa kanisa lake, anatafuta mnunuzi wa parseli. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, begi miguuni, hata halijafunguliwa. Niliomba msamaha kwa magoti, nikaeleza habari ya paa, ya turubai, ya mdomo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema amekwisha kusikia, na kwamba hata yeye enzi zake alikuwa na kichwa kigumu. Nilianza kutumaini. Ndipo akaniuliza mama yangu alikuwa wapi saa ile.

Nikadanganya. Ilitoka yenyewe, bila mimi kuipanga. Nilisema alikuwa sokoni.

"Nilimuona ku mulango," akasema, bila ukali. "Iko anafunga kitenge yake, iko ananiangalia. Ile ya matela nimeisikia, mutoto yangu. Ile ingine, akuje yeye mwenyewe."

Nilirudi Mudzipela kwa miguu, nikamweleza mama yote, pamoja na uongo wangu. Hakunigombeza. Siku ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Siku ya pili alifua shuka zote za nyumba. Siku ya tatu alivaa vizuri, akafika hadi kwa mama wa mikate, akarudi na kusema ataenda mvua ikikatika, na mvua haikuwa inanyesha. Kila kukicha nilihofia kusikia parseli imepata mtu. Sikumsukuma. Nilikuwa nimewasukuma watu vya kutosha wiki hiyo.

Siku ya tano aliamka kabla yangu, akaniambia nivae viatu. Tulipanda moto moja, sisi wawili nyuma ya motari, na njia nzima aliushika mkono wangu kwa nguvu, kucha zikaacha alama. Mama wa mbele alikuwa barazani kwenye kiti kilekile. Mwenye nyumba aliingia ndani akatuachia nafasi. Mama alikataa kiti kingine alichopewa, akasimama.

"Ile mara ya kwanza nilijua," akasema, "sikukuambia. Na hii mara nilijua, sikukuambia."

Mama wa mbele aliangalia mikono yake. Kuku mmoja alipanda barazani akashuka, na hakuna aliyemfukuza. Nilimtazama mama yangu nikaona anapumua kwa mdomo. Nilingoja kilio, matusi, lolote. Miaka yote ile ilikuwa imesimama pale kati yao, na mimi nilijua jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angetoa, kwamba asamehewe, kwamba haitatokea tena, Mungu ni shahidi.

"Na mara ya tatu?" mama wa mbele akauliza.

Nilimgusa mama mgongoni kwa kidole, nikimhimiza aape, aseme neno zuri, tumrudishe mtu wetu nyumbani. Akausogeza mgongo wake mbali na kidole changu.

"Sitakudanganya," akasema. "Nitajaribu."

Mama wa mbele aliinua uso akamtazama, kwa muda mrefu, tangu kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia niende barabarani nikatafute motari wawili wanaoendesha polepole, mmoja wake na mmoja wa mama, wa kwenda Mudzipela.